Hedi Haikazwi Mara Moja

Gari lilizima katikati ya barabara siku ya soko, mbele ya malori ya mahindi yaliyopanga foleni kuelekea stesheni ya reli, na Eldoret nzima ikapata la kusema. Ilikuwa Ford kuukuu. Mzee Kiptoo aliipata pamoja na shamba la Chepsaita, mzungu alipouza kila kitu akaenda zake. Binti yake Jelagat, mwalimu, alishuka na gauni lake la manjano, aibu imemjaa usoni.

"Dada, gari lako limechoka au limekasirika?" aliuliza kijana mwenye ovaroli ya buluu.

"Wewe ni fundi au mcheshi tu?"

"Siku ya soko mimi ni yote mawili. Naitwa Khisa."

Gari likasukumwa hadi gereji yake, nyuma ya duka la Abdi. Khisa alisema injini ni nzima, ila hedi yake ya zamani, kile kifuniko cha juu ya injini, haibani vizuri, ndiyo maana inashindwa na vilima ikibeba magunia. Akatafuta hedi nyingine, ya kubana zaidi. Siku ya kuifunga Jelagat alikuja kutazama, na msomaji asidhani alikuja kutazama hedi. Khisa alilaza gasketi mpya, akashusha hedi, akakaza nati kidogo kidogo, akianzia katikati kwenda pembeni.

"Si ukaze moja uimalize kabisa?"

"Ukiwa na pupa itapinda, mpenzi."

Neno lilikuwa limemponyoka. Hakulirudisha, na Jelagat hakutaka alirudishe.

"Ikishashika moto ikapoa, ilete niikaze tena," Khisa alisema. "Usisahau."

"Nitaileta hata isiposhika moto."

Ford ikapanda vilima bila kukohoa. Simu ya duka la Abdi nayo haikupumzika.

"Umekula, roho yangu?" Jelagat aliuliza.

"Nitakulaje na sijasikia sauti yako?"

"Muongo! Nasikia unatafuna."

Haukupita muda, Khisa akaja Chepsaita na mjomba wake Wamalwa kuposa. Mzee Kiptoo akawasikiliza, akasema, "Tumesikia. Lakini msichana bado mdogo." Jikoni, Jelagat akatabasamu peke yake. Baba alikuwa amewapenda.

Jelagat akangoja warudi. Hawakurudi. Akapiga simu, Abdi akasema Khisa hayupo, na nyuma ya Abdi akasikia kikohozi anachokijua. Moyo ukamuuma kweli kweli. Kwa hasira akaapa gari halitakanyaga tena ile gereji, hedi ikazwe isikazwe.

Hedi haijali viapo. Asubuhi moja, akipeleka mahindi mjini, injini ikaanza kutoa mvuke, na maji yakachuruzika chini ya hedi. Hapakuwa na fundi mwingine aliyeijua Ford ile. Akaenda polepole hadi kwa Khisa, akamkuta anapanga spana zake ndani ya sanduku.

"Unakwenda wapi?"

"Kisumu. Nimepata kazi. Kesho naondoka." Khisa akaitazama injini, akakunja uso. "Nilikwambia uilete! Hedi haikazwi mara moja. Inashika moto, inapoa, unairudia."

"Na wewe kwetu ulikuja mara ngapi?"

"Mara moja. Nikafukuzwa."

"Nani alikufukuza?"

"Babako! Si alisema wewe bado mdogo? Mwalimu mzima! Nikaelewa hataki Mbukusu kama mimi."

Jelagat akacheka huku machozi yanamtoka. "Khisa jamani, kwetu ndivyo posa inavyoanza! Nani hutoa binti siku ya kwanza? Mnaambiwa hivyo mrudi, na mrudi tena. Kila Jumapili Baba anauliza wale watu wamepotelea wapi."

Khisa aliketi juu ya sanduku.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani kila mtu anajua. Na wewe mbona ulijificha nyuma ya Abdi?"

"Niliogopa kusikia hapana kwa mdomo wako."

Akafungua sanduku, akatoa spana. Kisumu ikasahaulika hapo hapo.

Jumapili Mzee Kiptoo alimsikiliza Wamalwa mpaka mwisho, kisha akasafisha koo.

"Tumesikia. Lakini msichana bado mdogo."

Mjomba akashika kofia yake ainuke. Khisa akamvuta koti aketi.

"Asante, Mzee," Khisa alisema. "Basi tutarudi."

Mzee akageukia jikoni. "Jelagat! Ongezea wageni mursik."

Jelagat akaja na kibuyu cha maziwa ya mgando, macho chini kama binti mwenye adabu zake, akamjazia Khisa kikombe mpaka kikafurika.