Jalada la Bendi ya Luto

Nazario Tepal aliingia katika maisha ya Maricruz Olvera akiwa chali. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1991, soko la El Chopo limefurika, watu wa roki wa Jiji la Mexico zima wamebanana nyuma ya stesheni ya Buenavista wakibadilishana sahani za santuri, wewe nipe hii nami nikupe ile. Kijana mmoja wa roki ya metali alimwambia panki mmoja kwamba sahani yake ni takataka. Panki akamjibu kwa kumpiga kichwa cha pua, na kufumba na kufumbua watu kumi na watano walikuwa wakitandikana. Nazario akaenda kuamulia. Mwamuliaji ndiye anayekula za uso, mnajua wenyewe. Ngumi moja ilimrusha juu ya meza ya Maricruz, damu ya pua ikamwagikia koti la jinzi ambalo binti huyo alikuwa amelichora wiki nzima.

"Umemaliza kufa?" Maricruz akamuuliza. "Ukimaliza, toka juu ya koti langu."

"Nipe dakika moja, dada. Bado naona nyota."

"Zihesabie huko chini."

Alikuwa amevaa ovaroli iliyojaa madoa ya rangi, buti za kijeshi, mdomo mwekundu, nywele zimenyolewa upande mmoja. Nazario alimtazama kutoka pale chini akasahau kwamba pua inauma.

Jumamosi iliyofuata alirudi na tlacoyo za moto, mikate ya mahindi yenye maharage ndani, akaleta na koti lake mwenyewe kulipa lile lililoharibika. Iliyofuata tena akarudi mikono mitupu, na wala hakuulizwa kaleta nini. Maricruz hakuwa na simu. Nazario alipiga kwenye duka la mikate chini ya nyumba ya kina Maricruz, kule kitongoji cha Neza, na mwoka mikate alikuwa akipaza sauti mtaa mzima usikie kwamba yule wa damu yuko kwenye simu. Basi binti wa watu anashuka ngazi mbio, na akifika anajifanya amechoka kusumbuliwa.

Sasa niwaambie huyu Nazario alikuwa na nini moyoni. Alipiga gitaa la besi na kuimba katika bendi iitwayo Luto, maana yake matanga. Na matanga yalikuwa ya kweli. Kaka yake, Wilfrido, alipigwa virungu na polisi mlangoni pa tamasha moja, akalala siku tatu bila kufumbua macho, akafa. Nazario alimtungia wimbo wa polepole wa dakika kumi na moja. Alichotaka duniani ni kimoja tu: watu wasimame, wanyamaze, wausikilize hadi mwisho, angalau mara moja. Miaka mitano ilikuwa imepita na hakuna aliyemfikisha dakika ya nne.

Bendi ilipopata nafasi ya kutoa sahani, alimwomba Maricruz achore jalada. Baba yake Maricruz alikuwa mchora mabango, na yeye mwenyewe aliijua kazi kuliko wengi. Akamweleza kwamba pale Chopo mtu hapewi nafasi ya kusikia kabla ya kubadilishana, kwa hiyo anasikiliza kwa macho. Akiona herufi zenye miiba anajua ni metali. Akiona herufi zilizokatwa magazetini anajua ni mapanki. Akiona mawingu na sayari za ajabu, hizo ni nyimbo ndefu za watu wa chuo.

"Sasa nipe kanda nijue nyinyi ni kina nani," akasema.

Nazario akakataa. Aliogopa kwamba binti ataisikiliza mbele yake, na yeye Nazario atalia. Akamwahidisha asiisikie mpaka siku ya tamasha, yeye akiwa jukwaani.

"Wewe nichore unavyoniona, mwembamba wangu."

Naye alimwona vipi? Alimjua akiwa ametapakaa damu. Akachora jalada jeusi, mtu amelala chali mdomo wazi, damu imetanda, buti iko juu ya kichwa chake, na jina Luto limeandikwa kwa miiba. Nazario alipoliona, alimwona Wilfrido. Lakini Maricruz alikuwa amesimama pale na rangi kidevuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anangoja neno. Akamwambia ni zuri sana.

Sahani zote zilichukuliwa Jumamosi mbili tu.

Tamasha lilikuwa Jumapili saa kumi alasiri, katika ua wa gereji ya zamani ya mabasi kule Iztapalapa. Walikuja watu mia sita, weusi tii kwa mavazi, mikanda ya misumari mikononi, wamekuja kusukumana mpaka watoke jasho la damu, kwa kuwa jalada ndilo lililowaita hivyo. Luto wakaanza polepole. Watu wakadhani ni utangulizi. Dakika ya tatu fundi magari mmoja mwenye shingo nene, jina lake Tuercas, akapaza sauti kwamba ametapeliwa, akarusha chupa ya kwanza.

Baada ya hapo usiulize. Chupa zilinyesha. Mpiga ngoma alipasuliwa paji la uso. Spika ziliangushwa juu ya watu, mmoja akang'atwa sikio, wengine wakavunja viti na kutandikana kwa miguu ya viti hivyo bila kujua wanagombea nini. Nazario aliendelea kuimba. Aliimba mpaka chupa ilipomvunjikia kwenye mkono wa kulia ikamkata mishipa ya vidole viwili, gitaa likamtoka.

Maricruz alipasua njia kwa viwiko na buti. Alimpiga mtu mmoja kwa kigongo cha maikrofoni, akamfikia mpenzi wake, akaanza kuufunga mkono kwa skafu yake.

"Usiniguse," Nazario akasema.

"Damu inakuishia."

"Si ndiyo uliyoichora? Wamekuja kuniua, na aliyewaalika ni wewe."

"Ulisema ni zuri."

"Niliogopa kukuudhi."

"Basi mwongo ni wewe, Nazario. Jalada lilisema nilichokiona mimi. Wewe ulijua ukweli ukanificha."

Maricruz akaufunga mkono kwa nguvu mpaka Nazario akapiga ukelele, kisha akainuka, akaondoka.

Miezi miwili mwoka mikate hakuita mtu. Maricruz alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na mapenzi yaliyomchoma. Siku moja aliiweka ile sahani akaisikiliza, dakika zote kumi na moja za kumlilia Wilfrido, kaka aliyeuawa kwa virungu. Alilia mpaka akaupiga ukuta ngumi. Kisha akaenda kwa mama yake Nazario, akaomba picha ya Wilfrido. Mama akampa ile ya kitambulisho cha kazi: masikio yamechomoza, tai ya kuazima imekaa upande.

Akatengeneza jalada jipya kwa mkono, moja moja. Uso ule wa kijivu, jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kwa herufi za kawaida kama za duka la mikate. Basi. Akatangaza Chopo nzima: lete jalada la zamani, chukua jipya. Watu walipolishika walichanganyikiwa.

"Huu muziki gani?" wakauliza.

"Sijui unaitwaje. Sikiliza," akajibu, na jirani yake, Doña Eulalia muuza santuri, akaiweka sahani kwenye mashine yake yenye spika mbili.

Mama alimwambia mwanawe. Jumamosi iyo hiyo Nazario akaja, mkono kwenye bandeji, amejiandaa kugombana. Akaukuta uso wa kaka yake mikononi mwa watu arobaini. Akapenya hadi kwenye meza.

"Nilikudanganya," akamwambia Maricruz. "Nisamehe. Kosa langu nilikubebesha wewe."

Kabla hajajibiwa, Tuercas akafika na sahani yake kubadilisha. Akautazama uso ule muda mrefu.

"Ungetuonyesha huyu tangu mwanzo, ndugu yangu," akasema, "nisingerusha chupa."

Alisema kweli, na alisema kwa upole. Nazario akamtandika kwa mkono wa kushoto, pua ikapasuka. Tuercas akaikunja ngumi yake, kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Mtapigana wimbo ukiisha," Doña Eulalia akasema. "Watu wanasikiliza."

Ilikuwa dakika ya saba. Ngumi ya Tuercas ikabaki hewani, kisha ikashuka, damu ikimchuruzika kidevuni. Nazario ndipo akageuka. Mapanki walikuwa wamesimama. Watu wa metali walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekohoa. Machozi yakamtoka mbele ya kadamnasi, hakuyafuta.

"Maricruz," akanong'ona, "nataka nikuoe."

Maricruz akamziba mdomo kwa kiganja chenye rangi. Wakasimama hivyo dakika nne nzima, mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha na sindano ikaanza kukwaruza.

"Ndiyo," akasema, akautoa mkono.

Na Tuercas, ambaye alikuwa amengoja kwa adabu, akamtandika bwana harusi ngumi iliyomrudisha chali juu ya makoti.