Kimya cha Costancia

Siku ya gulio, soko la Kilosa halina pa kuweka mguu, na Yared aliuweka wake juu ya mguu wa Costancia. Alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Mikumi, kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, aliyekuja kutafuta mchele unaonukia. Aliomba radhi mara mbili. Costancia, ndani ya gauni la kitenge cha njano, alitabasamu tu kando ya meza yake ya mchele.

Hakuwa na sauti. Aliongoza nyimbo katika kwaya ya Kianglikana, na tamasha la Pasaka lilikuwa limemkausha koo. Daktari akamkataza kusema hata neno kwa majuma mawili. Yared alipouliza bei, alimwonyesha kwa vidole. Yared akaamini ni bubu, akaanza kusema polepole kwa sauti kubwa, hadi Costancia akashika mbavu kwa kicheko kisichotoka.

"Nimefanya nini tena?" aliuliza Yared, naye akacheka.

Alinunua mchele, akaomba na namba ya simu. Tangu siku hiyo walitumiana ujumbe asubuhi na jioni, na kila gulio alirudi, ingawa stoo ya hoteli ilikuwa imejaa mchele. Kwenye simu yake alijifunza lugha ya alama. Costancia, ambaye hakujua hata alama moja, alijibu kwa kubahatisha. Siku moja Yared alimuuliza kwa alama kama amekula, naye akakunja mikono kifuani. Yared akaelewa kwamba ameambiwa anapendwa, akarudi Mikumi akipiga mluzi njia nzima.

Sauti ilirudi, lakini Costancia hakuitoa mbele ya Yared, wala hakumwandikia habari hiyo. Shoga yake Joha, muuza maharage wa meza ya jirani, alimtania kuwa amegeuka yule binti wa baharini wa hadithi za watoto, aliyetoa sauti yake ili apate mume. Costancia hakucheka. Mwaka uliopita Emanueli, aliyekuwa mchumba wake, alimwacha akisema mdomo wake unamchosha. Yared alimtazama kama mtu anayesikiliza, na Costancia aliogopa kumpoteza.

Gulio lililofuata, Yared alisimama kando ya lori lililokuwa likishusha mchele, akimpungia mkono. Juu yake gunia likaanza kuteleza.

"Yared, toka hapo!"

Ilikuwa sauti ya kwaya, na soko zima liligeuka. Yared aliruka, gunia likatua pale aliposimama. Alilitazama, kisha akamtazama Costancia.

"Kumbe unasema," alisema taratibu, akaondoka bila kununua kitu.

Costancia alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. Jumamosi alimwachia Joha meza yake, akapanda gari la Mikumi. Alimkuta Yared uani, nyuma ya jiko la hoteli, akimenya vitunguu huku sufuria ya wali ikichemka kando yake.

"Nimejifunza kusema kwa mikono," Yared alisema bila kuinua macho. "Wenzangu wakanicheka, sikujali. Wewe ulikuwa unanichezea?"

"Nilikuwa naogopa. Mimi naongea sana, Yared. Naongea nikipima mchele, naongea nikifua, hata mchungaji amewahi kunionya. Mwanaume mmoja alishanikimbia kwa sababu hiyo. Nikadhani nikinyamaza, wewe utabaki. Nilikukosea, nisamehe. Lakini kunyamaza siwezi tena, hata ukiniacha."

Yared aliweka kisu chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda si kwa vitunguu tu. Alimsogezea kigoda, akamwomba amwambie yote aliyotamani kumwambia tangu walipojuana.

Costancia akaanza. Alimsimulia habari za kwaya, za Joha, za mama yake anayeanza kuuliza maswali. Alimkosoa hata namna anavyochagua mchele. Yared alisikiliza akicheka, akauliza, akataka aendelee, mpaka wali ukaungua na mkuu wa jiko akatoka kuuliza kuna nini.

"Mpenzi," Yared alisema walipobaki wenyewe, "mwezi ujao naleta wazee wangu Kilosa, kwa wazazi wako. Siku hiyo tu, waachie wao waongee."

Costancia alimshika mkono, akamwambia kwamba wazee wanakaribishwa sana, ila hilo la kunyamaza hawezi kuliahidi.