Kamba Waliotiwa Barafu Kabla ya Kuvuliwa

Siku hiyo mjinga alikuwa Haidar, na mwenyewe hakatai. Anachoomba ni kimoja tu: mumcheke taratibu, maana mkewe alikwisha kumcheka vya kutosha.

Haidar na mkewe Esha wanakaa Kaole. Alfajiri Esha hununua kamba wabichi ufukweni. Huwaosha, huwapanga kwenye masanduku ya barafu, kisha gari huwapeleka Dar kwenye hoteli moja. Hoteli hiyo ndiyo mteja wao mkubwa wa kwanza, na ina sharti lake: kila mzigo uje na jedwali. Safu ya kwanza, saa kamba walipotoka majini. Safu ya pili, saa walipotiwa barafu. Safu ya tatu, muda waliokaa bila barafu. Ukizidi saa mbili, hawapokelewi.

Jedwali alikuwa nalo Haidar, kwenye simu. Safu ya tatu hakuijaza kwa mkono. Aliitilia fomula: chukua safu ya pili, toa safu ya kwanza. Mtaa mzima ulisikia habari zake.

"Mimi siku hizi sihesabu," alitamba. "Nahesabiwa!"

Asubuhi hiyo akapigiwa na Vicky, mpokeaji wa mizigo hotelini.

"Kaka Haidar, mzigo umefika. Lakini jedwali lako linanichanganya. Sanduku la kwanza limekaa bila barafu saa hasi kumi na moja. Kamba wako walitiwa barafu kabla hawajavuliwa?"

"Ni hii simu, dada. Mbovu."

"Mimi sipokei simu, napokea kamba. Nitumie jedwali sahihi kabla ya saa sita. La sivyo mzigo unarudi, na barafu haimsubiri mtu."

Haidar akaizima simu, akaiwasha. Hasi kumi na moja iko palepale. Kwenye sanduku la tatu aliona alama ya reli na neno la Kizungu. Hilo alilirekebisha kibabe: alilifuta, akaandika 1 kwa kidole chake.

"Umelitengeneza?" Esha aliuliza, mikono ingali imelowa maji ya barafu.

"Limekwisha."

"Limekwisha au limefichwa, Baba Sabiha? Ngoja nimwite Skola."

Skolastika ni jirani yao. Anafundisha kompyuta chuo cha ufundi. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Hodi!"

"Karibu, mwalimu. Simu imeharibika."

"Pole yake. Nionyeshe mstari ambao jibu lake unalijua."

Haidar akamwonyesha sanduku la pili. Kutoka majini, 1. Kutiwa barafu, 2. Jibu, 1.

"Basi fomula ni nzima," Skola alisema. "Tatizo ni ulichoilisha. Twende sanduku la kwanza. Dada Esha, hawa walitoka majini saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja nikawatia barafu."

"Sawa. Kwetu kumi na mbili ikipita, inakuja moja. Lakini simu haijui kama jua limechomoza. Imeambiwa moja toa kumi na mbili, ikatoa. Andika kwa saa ya simu yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00. Saa moja ni 7:00."

Haidar akabadilisha saa zote hivyo, ila moja aliyoiruka. Skola akaandika fomula ileile upya kwenye mstari wa kwanza, ili jibu nalo lisomeke kama saa. Jibu likaja 1:00. Kisha akagusa sanduku la tatu.

"Hapa fomula iko wapi? Naona moja tupu, haina hata alama ya sawa na mbele yake."

Haidar akakohoa. "Niliisaidia kidogo."

"Umeiua! Ukiandika jibu juu ya fomula, fomula inafutika. Ukibadili saa, jibu linabaki lilelile." Akatazama kisanduku cha pembeni. "Na kosa lenyewe hili hapa. Wewe umeandika 'saa 3'. Neno halitoleki kwenye namba. Neno 'saa' liweke juu, kwenye kichwa cha safu. Ndani weka 9:00 tu. Lile neno la Kizungu lilikuwa linakuonyesha kosa, nawe ukamfukuza shahidi."

Haidar akaandika 9:00, kando ya 7:00 ya kutoka majini. Skola akaiburuta fomula hadi chini. Jibu la sanduku la tatu likaja 2:00, si moja.

"Nusura tuidanganye hoteli," Esha alisema, akashusha pumzi.

Jedwali likatumwa. Haukupita muda, Vicky akajibu: "Nimepokea. Kamba wazuri. Kesho ongezeni sanduku."

Tangu hapo Haidar hatumi jedwali kabla ya kuukokotoa mstari mmoja kichwani. Lakini siku ile hakukubali kushindwa.

"Semeni kweli jamani," alisema. "Hii simu haina akili. Unaiambia neno, inafuata vilevile, hata likiwa la kijinga!"

Esha akakung'uta maji mikononi.

"Mimi tangu siku ya ndoa natafuta wa kufuata neno langu, Baba Sabiha. Kumbe anauzwa dukani!"