Mguu wa Esha Nje ya Mstari

Kila siku baada ya vipindi, wasichana wa timu ya sofboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo, wa shule moja ya Dunda, mjini Bagamoyo, walikwenda uwanjani kufanya mazoezi. Mmoja wao, Mwanvita, hakucheza tena tangu alipoumia goti, kwa hiyo Mwalimu Ashura, aliyewafundisha mchezo huo, alimfanya mwamuzi. Mwanvita alichora kwa chokaa boksi la mpigaji, mahali anaposimama mwenye gongo, kisha akasimama kuangalia nyuma ya mdakaji, anayedaka mpira mpigaji akiukosa.

Mpigaji hodari kuliko wote alikuwa Esha, binti wa mama mdogo wa Mwanvita. Esha hakusubiri mpira umfikie. Alianza kukimbia mpira ukiwa bado hewani, akaugusa kwa gongo akiwa mbioni, na kabla wapinzani hawajauokota alikuwa amekwisha fika kituo cha kwanza. Upigaji huo unaruhusiwa, ila una sharti. Gongo linapogusa mpira, mguu usiwe umekanyaga nje ya boksi. Ukikanyaga nje, mwamuzi anakutoa na zamu yako inakwisha.

Esha alikuwa akikanyaga nje. Mwanvita aliona na akanyamaza. Aliishi kwa kina Esha, wakilala chumba kimoja na kula sinia moja. Angeanzaje kumtoa mbele ya watu?

Jumamosi moja ikaja timu kutoka Ubena. Mrushaji wao aliitwa Mgeni, msichana mrefu, mwenye nguvu za mkono. Esha alipopiga mpira wake wa kwanza, mguu wake ulikuwa mbele ya mstari. Mdakaji wa Ubena aligeuka.

"Dada mwamuzi, hujaona?"

"Tuendelee kucheza," Mwanvita alijibu.

Zamu ya Esha iliporudi, alichomoka mapema zaidi. Mgeni alikuwa ameshauachia mpira. Esha alikuwa nje kabisa ya boksi, akiukimbilia, ulipompiga usoni. Kofia yake ngumu ilikinga kichwa tu. Alianguka akishika jicho la kulia, na damu ikapita katikati ya vidole.

Watazamaji walimzonga Mgeni wakisema amekusudia. Aliondoka Bagamoyo akilia, na walimu wake wakamsimamisha kucheza mpaka jambo lijulikane. Mwalimu Ashura alimwuliza Mwanvita alichokiona.

"Vumbi lilikuwa jingi, mwalimu. Sikuona vizuri."

Hospitalini, daktari alimwambia mama yake Esha, Bi Kuruthumu, kwamba jicho lile halitaona tena.

Mwanvita alipopeleka uji wodini, Esha alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Mwanvita, mguu wangu ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Na siku nyingine?"

"Nje pia."

Esha alimgeukia. "Ulikuwa unaona. Mbona hukuniambia? Mimi nikikimbia siangalii miguu."

Mwanvita aliweka uji mezani. Alitoka, akamkuta Bi Kuruthumu barazani, akapiga magoti mbele yake.

"Mama mdogo, yule msichana wa Ubena hana kosa. Esha alikuwa nje ya boksi. Niliona tangu zamani, nikaficha."

Bi Kuruthumu aligeuza uso. "Ondoka kwanza, mwanangu. Nitakuita."

Siku hiyo hiyo Mwanvita alikwenda kwa Mwalimu Ashura, akamwamkia na kumweleza yote. Mwalimu hakumfokea. Alimpeleka Ubena, na huko Mwanvita akasema ukweli mbele ya timu nzima. Mgeni alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Nilianza kuamini kwamba mkono wangu una laana," alisema. "Watu hata salamu walikuwa hawaniitikii."

Mwanvita alimwomba radhi. Walimu wa Ubena wakamrudisha Mgeni kwenye timu.

Mwanvita na Mwalimu Ashura waliporudi Bagamoyo, Bi Kuruthumu alikuwa amekwisha agiza Mwanvita aitwe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa," alisema. "Ulimwonea Esha haya, ukadhani ndiyo mapenzi. Siku ile ya kwanza ungemtoa, angenuna, kesho yake angejirekebisha. Kosa ukiliona kwa umpendaye, mwambie lingali dogo." Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Ukweli wako umelichelewa jicho la mwanangu. Lakini haukumchelewa mtoto wa mwenzangu. Sasa nenda wodini, ukae na mwenzio. Hata asipokusemesha, kaa naye."