Betri ya Harusi ya Esteri

Kila asubuhi Didas alifungua kibanda cha mashine ya kusaga ya kijiji cha Kasanda. Alizungusha hendeli, injini ikakohoa, kisha ikanguruma. Akina mama walipanga vikapu vyao vya mahindi na mihogo mikavu. Injini hiyo ilizungusha pia jenereta ndogo iliyotoa umeme kibandani.

Wiki hiyo Didas alisaga huku akiimba. Jumamosi binti yake Esteri angeolewa. Wakwe walitoka mbali, Munanila, upande wa Kasulu. Baba wa bwana harusi, mzee Niyonsaba, alikuwa mtani. Siku ya kuleta posa alisema, "Nasikia Kasanda mnacheza kwa kugonga masufuria. Nije na ngoma yangu?"

Watu walicheka. Didas akajibu mbele ya wote, "Mkwe, njoo mikono mitupu. Utacheza gramafoni mpaka viatu vyako viombe ruhusa!"

Ahadi ilikuwa imetoka. Didas alikwenda Kibondo mjini kwa fundi Gharibu, mwenye duka la redio. Gharibu alikubali kuleta gramafoni yake. Lakini gramafoni hiyo ilitumia betri ya gari. Didas alikuwa na betri moja kuukuu, nayo ilikuwa imekwisha nguvu.

"Chukua chaja yangu," alisema Gharibu. "Unajua kuiunga, ndugu?"

"Najua! Nimekuona mara ngapi hapa dukani?"

Ni kweli alimwona. Kila mara, waya mwekundu wa chaja ulikuwa upande wa kulia wa betri. Jambo hilo lilimpendeza Didas. Hata mtoto humpa babu kikombe kwa mkono wa kulia. Basi waya wa heshima nao huenda kulia. Alirudi nyumbani na somo hilo kichwani.

Alhamisi aliweka betri juu ya meza kibandani. Hakujua kwamba ameigeuza, mbele imekuwa nyuma. Akaunga chaja kwenye umeme wa jenereta, akaiwasha. Akabana waya mweusi kushoto, na mwekundu kulia.

Chwaa! Cheche ziliruka. Moshi ukatoka. Chaja ikanyamaza.

Akina mama walikimbia nje, wakaacha vikapu. Walipoona Didas ni mzima, wakaangua kicheko. Didas hakucheka. Akilini alimwona mzee Niyonsaba akigonga sufuria mbele ya wageni wote.

"Mama Esteri," alimwambia mkewe, Josepha, "nimeua betri. Nimeua na chaja ya watu."

"Wewe hukuungua?"

"Sikuungua. Lakini nitaaibika."

"Aibu haina kidonda," alisema Josepha. "Fundi anakuja kesho. Mwambie ukweli."

Ijumaa asubuhi lori lilimshusha Gharibu na gramafoni yake. Kibandani aliwakuta Didas na Josepha, pamoja na Bibi Maximilla, mama yake Didas, aliyekaa karibu na betri akivuta kiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwakeye, habari za asubuhi, mwanangu! Huyu mtoto wangu jana alipika betri."

Didas alieleza yote, hata habari ya mkono wa kulia. Gharibu alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Ndugu Didas, betri haijui adabu zetu! Ukiigeuza, kulia kunakuwa kushoto. Tazama alama zake."

"Alama gani? Naona uchafu tu."

Gharibu alifuta vichwa viwili vya betri kwa kitambaa kikuukuu. Josepha akasogea. Alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru, darasa la watu wazima, mwezi wa tano sasa.

"Hii naijua!" alipiga kelele. "Hii ni ya kujumlisha. Na ile kule ni ya kutoa!"

"Hapo hapo, mama!" alisema Gharibu. "Ya kujumlisha tunaiita chanya. Waya mwekundu uende hapo. Ya kutoa ni hasi. Waya mweusi uende hapo. Jana mliunga kinyume, umeme ukapita kwa nguvu nyingi. Bahati yenu fyuzi iliungua, ikaokoa chaja."

Alitia fyuzi mpya. Kisha akagusisha balbu ndogo kwenye betri. Ikawaka kidogo, nyekundu kama kaa la moto.

"Haijafa!" Didas aliruka juu.

"Haijafa. Sasa, Bibi, kiko chako nje. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka."

"Nafukuzwa na betri?" Bibi aliuliza, lakini alitoka. Gharibu akafungua mlango na dirisha wazi.

"Sasa ungeni wenyewe. Chaja iwe imezimwa kwanza."

Josepha alisoma alama. Didas alibana waya: mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Josepha akatazama tena. Ndipo Didas akawasha. Hakuna cheche. Mshale wa kipimo cha chaja ulipanda taratibu.

"Mkimaliza, zimeni kwanza, ndipo mtoe waya," alisema Gharibu.

Siku hiyo Didas alisaga mpaka jioni, na betri ikashiba.

Jumamosi gramafoni ililia mpaka vilima vikaitikia. Esteri alicheza na mumewe. Bibi Maximilla alicheza na kiko chake, mbali na betri. Mzee Niyonsaba alicheza, akavua viatu, akaendelea peku.

"Viatu vimeomba ruhusa, mkwe!" alipaza sauti Didas.

"Nimekubali!" Niyonsaba alihema. "Na mimi nina betri nyumbani. Nifundishe. Waya mwekundu ni upande gani?"

Didas alimtazama Josepha, wakacheka pamoja.

"Usiulize upande, mkwe. Soma alama. Mwalimu wangu ni huyu hapa."

Jumatatu alasiri Didas alifunga kibanda mapema. Akanawa unga mikononi, akachukua daftari jipya, akaenda kukaa ngumbaru kando ya mkewe.