Ukuta wa Upande wa Bahari

Mkwe wa shoga yangu ni fundi mwashi, mwanamume asiyejua kukataa. Baraza lilimtuma kupima kuta za jumba la kale la ufukweni, ambalo mtaa mzima unataka libaki.

"Sema zimeoza tulibomoe, na kazi ya hoteli ni yako," diwani alimnong'oneza mlangoni.

Ndani giza, madirisha yamepigiliwa mbao. Akagonga ukuta wa upande wa bahari kwa nyundo: ko. Ukuta mgumu, hauna pengo. Akakohoa, akasema kwa sauti, "Huu umeoza."

Ko, kukajibiwa kutoka upande wa pili.

"Diwani, acha utani."

Akachungulia nje. Diwani yuko mlangoni, anaongea kwa simu. Nyuma ya ukuta ni maji matupu.

Akarudi, akabandika mkono ukutani.

Kugonga kukaanza juu, kukashuka taratibu, kukatua chini ya kiganja chake.