Utumbo Kwenye Eriali

Saa kumi na mbili jioni Ekeno, mtu wa redio, alitoka kwenda kutia dizeli kwenye jenereta, kazi yake ya kila siku, akapigwa na harufu.

"Nyibol! Mbuzi gani amefia hapa?"

Nyibol, mkimbizi kutoka Bor, kusini mwa Sudan, aliyeandika daftari la ujumbe katika ofisi ile ya misaada pale Kakuma, alitoa kichwa dirishani huku ameziba pua kwa ncha ya kitambaa.

"Wallahi sijui. Hii harufu imeanza juzi. Inatoka juu."

Juu? Juu kulikuwa na eriali ya redio tu.

Sasa tuelewane kuhusu eriali hiyo. Waya wake haufungwi moja kwa moja kwenye nguzo. Ncha zote mbili hushikwa na kitu kikavu kisichopitisha umeme, la sivyo mawimbi yanapotelea ardhini. Ofisi ilinunua kamba za nailoni, lakini Kakuma nailoni haimalizi wiki. Leo umefungia eriali, kesho unaiona kamba shingoni mwa punda. Ndipo Ekeno, fundi wa kujisifu, akapata akili. Akili gani! Afadhali angebaki mjinga.

Wiki mbili nyuma alikuwa nyumbani Lodwar. Mkewe Abei alikuwa na mimba ya miezi minane, ana homa, miguu imevimba, na mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Mama yake Ekeno, Akaale, akamwita emuron, mwaguzi anayesoma utumbo wa mbuzi. Mzee akachinja, akautandaza utumbo juu ya ngozi, akausoma kimya. Kisha akaupitisha tumboni mwa Abei mara nne, akautemea mate, akamkabidhi Ekeno.

"Kautupe mbali kwenye laga, kule mto mkavu. Fisi waule leo leo. Usiuchungulie."

Ekeno alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, mambo hayo hakuyaamini. Alicheka kimoyomoyo. Hakuutupa. Aliuanika kwenye mgunga, jua la Turkana likaukausha kwa siku mbili ukawa mgumu kama mshipi. Akaukata vipande viwili, akavitia kwenye begi, akaja navyo Kakuma kufungia eriali. Hakuna mwizi wa utumbo, alijiambia. Mshenzi yule!

Jioni hiyo, basi, alirudi ndani, akawasha redio na kompyuta. Ilikuwa mwaka 1999, na padri mmoja mpenda redio alikuwa amempa disketi yenye programu mpya. Ajabu yake ni hii: ilisikiliza milio dhaifu mno, ile sikio la mtu linasikia shshsh tu, ikaigeuza kuwa herufi kwenye kioo. Saa za machweo ndizo milio ya mbali huja vizuri, na Ekeno alipenda kukaa hapo saa hiyo.

Spika ilikuwa kimya. Lakini herufi zilikuja.

TU... TUMB...

NATAKA TUMBO

"Huyu hata hajataja kituo chake," alinung'unika Ekeno.

NATAKA TUMBO. UMEPOKEA?

Miaka tisa ya redio haikumwachia nafasi ya kufikiri. Ujumbe ukifika hujibiwa. Vidole vikaandika vyenyewe: NIMEPOKEA. SAWA.

"Umemjibu nani?" alinong'ona Nyibol.

"Sijui."

Tap.

Kitu kilidondoka juu ya bati.

Tap... tap...

Mvua haikuwa imeonekana Kakuma tangu Aprili. Walitoka na tochi. Utumbo uliofunga ncha ya karibu haukuwa mkavu tena. Ulikuwa umevimba, mweupe, umelowa, unachuruzika ujiuji wa kijani wa majani yaliyotafunwa nusu. Nzi waliuzunguka lakini hakuna aliyetua. Ekeno alipoushusha, ukamlalia mkononi, una joto. Ukajikunja. Ptuu! Alitema mate, akatema tena, mate yakamwishia.

Ndani redio ya sauti ikaita. Lodwar, zahanati ya jirani na kwao.

"Ekeno, mwanangu." Alikuwa mama yake. "Abei ameanza uchungu. Damu haikatiki, mwanangu, haikatiki! Emuron yuko hapa nami. Anauliza, fisi walikula?"

Ekeno aliminya kitufe cha kusemea, akakiachia, akakiminya tena.

"Sikuutupa, mama."

Akamsikia mama yake akimweleza mzee.

"Mzee anasema ugonjwa wa Abei aliutoa akautia mle. Unatafuta tumbo la kukaa. Ukikosa tumbo jingine unarudi ulikotoka. Upe tumbo, Ekeno. Upe sasa hivi!"

Alikimbia nje. Akakikata kwenye waya kile kipande cha kwanza, akakitupia mbwa wa ofisi, mbwa aliyekuwa anakula hata sabuni na ndara. Mbwa alinusa mara moja tu. Akajikojolea. Akatoka mbio, akilia kama mtoto, hadi sauti yake ikapotelea upande wa kambi.

"Ekeno," Nyibol aliita kutoka mlangoni, taratibu. "Njoo usome."

UMESEMA SAWA. ABEI?

Aliandika hapana. Akaandika tena. Kioo hakikujali.

ABEI?

Ekeno aliteremsha na kile kipande cha pili. Nyibol alielewa kabla hajaambiwa, akaleta karai, akalishika huku machozi yanamtiririka.

"Usitafune," alisema. "Meza tu. Kama dawa."

Dawa! Kiliteleza juu ya ulimi kama kamasi la mgonjwa. Kilikuwa na ladha ya maziwa yaliyooza na kutu ya bati. Mboji ya kijani ilimpasukia mashavuni. Ekeno alipojaribu kukisukuma, kikatangulia. Kilijua njia. Alikihisi kinashuka kooni kidogo kidogo, kikisimama, kikipapasa, kikiendelea. Matapishi yakapanda, aliziba mdomo kwa mikono miwili, akayameza nayo.

Kisha akaokota kile cha mbwa, kilichojaa mchanga.

Nyibol aligeuza uso ukutani.

Saa mbili kasoro Lodwar waliita tena. Kabla mtu hajasema lolote, kilisikika kilio chembamba, cha hasira, cha mtoto aliyefika salama.

"Msichana," Akaale alisema, analia. "Damu imekatika. Tumemwita Nakiru."

Ekeno alilia hadi akashika meza. Alifurahi, jamani, nani angesema hakufurahi? Lakini mdomo wake ulinuka, na yeye mwenyewe aliusikia.

Asubuhi aliikunja eriali nzima, akaiweka pembeni, waya wa redio ukabaki hauna kitu. Akaketi kwenye kompyuta kufuta ile programu. Herufi zikaja. Aliposogea nyuma hatua moja, zikavurugika. Aliposogea karibu, zikanyooka.

NIMEPOKEA. SAWA.

Aliivunja disketi kwa goti. Hakumwambia mtu.

Desemba alipata likizo, akaenda Lodwar. Abei alikuwa amenawiri, Nakiru amenona. Jioni ya kwanza walilala kwenye mkeka uani, mtoto katikati yao, na Abei akajisogeza, akalaza kichwa juu ya tumbo la mumewe kama zamani. Akatulia. Kisha akakunja uso.

"Baba Nakiru. Ni nini kinalia humu?"

"Njaa tu."

"Na umekula sasa hivi!" Alicheka, akabana sikio zaidi, juu ya shati. "Hakilii kama njaa. Kinalia kama ile redio yako. Nyamaza... kama kinataja jina langu."

Mtoto naye alikuwa amegeuza kichwa, ameacha kunyonya kidole, anasikiliza.

Ekeno aliinua kichwa cha mkewe taratibu, akamhamishia Nakiru upande wa pili wa mama yake, akachukua shuka lake. Tangu jioni ile analala nje ya boma, na Abei akimuuliza kwa nini, anasema ndani kuna joto.